Impreza yako imegonga beringi: injini ya kununua na ya kuacha

Mwenye Subaru Impreza ya turbo anaujua mlio huo hata kama hajawahi kuusikia kwenye gari lake. Injini ikipata moto, ukikanyaga mafuta kidogo kisha ukaachia, unasikia "ko-ko-ko" kutoka chini. Ni beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu ya injini), na hakuna oili nzito wala dawa ya chupa itakayoiponya. Kuanzia hapo kuna njia mbili: kununua injini nyingine, au kufungua uliyonayo na kuijenga upya. Na karibu kila gereji ina mtu atakayekushauri uweke krenki ya injini ya lita 2.5 ndani ya bloku ya lita 2.0, upate stroka ya 2.1, yaani injini ambayo mwendo wa pistoni umerefushwa.

Nitasema msimamo wangu mapema. Kama gari unalitumia kwenda kazini na kusafiri nalo, stroka isiwe chaguo lako la kwanza. Nimezipanga injini hizi kwa kuangalia fedha zinavyogeuka kuwa kilomita za barabarani, si namba za kutajiana.

Ya kwanza ni EJ207 nzima kutoka Japani. Hii ni injini ya Impreza STI: silinda za kipenyo cha milimita 92, mwendo wa pistoni milimita 75, ujazo wa cc 1,994. Bloku yake imeshikiliwa vizuri sehemu ya juu ya silinda. EJ205 ya WRX ya kawaida na Forester ya turbo ni tofauti, kwani silinda zake zimesimama huru katikati ya maji. Ukiongeza presha ya turbo, tofauti hiyo unaiona. Matoleo ya kuanzia miaka ya 2000 yanazunguka hadi 8,000 kwa dakika yakiwa kama yalivyotoka kiwandani.

Ninaposema nzima namaanisha injini na turbo yake, waya zake zote, kontrol boksi yake (kompyuta ya injini) na sensa zake. Ndiyo maana ni heri ununue nozikati, yaani pua ya gari iliyokatwa, kuliko injini iliyolala peke yake sakafuni kwa wauza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Injini ya bei nafuu isiyo na waya humla mtu fedha kidogo kidogo: leo sensa, kesho plagi ya waya, keshokutwa fundi umeme wa pili kwa sababu wa kwanza ameshindwa. Uliza pia kuhusu turbo. EJ207 za baadaye za Japani zina turbo ya njia mbili za moshi, na ekzosti yake hupita chini kwa namna nyingine, hivyo inahitaji sampo (bakuli la oili la chini ya injini) yake yenyewe. Ukichukua injini bila vitu hivyo ukidhani vya zamani vitaingia, utakwama.

Kabla ya kulipa, kague. Namba ya aina ya injini imepigwa juu ya bloku, karibu na inapoungana na giaboksi, na lazima isomeke EJ207, si EJ205 iliyovikwa manifoldi ya STI. Toa plagi, weka soketi ya 22 kwenye boliti ya puli ya mbele, uizungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Inatakiwa izunguke kwa uzito ule ule, bila kukwama wala kukwaruza. Pima mgandamizo wa silinda zote nne. Namba moja moja isikupe shida sana. Kinachotakiwa ni zikaribiane, na silinda moja ikibaki nyuma kwa zaidi ya asilimia 10, achana nayo. Iangalie zaidi namba 4, maana ndiyo yenye sifa ya kufa mapema kwenye injini hizi.

Kisha omba sampo ifunguliwe. Wauzaji wengi watakataa mwanzoni. Wewe sisitiza, jitolee kulipia silikoni na kazi ya kuifunga. Pitisha kidole kwenye oili ya chini kabisa ukiangalie juani. Ukiona chenga zinazometameta, za rangi ya fedha au ya shaba, hiyo injini ina ugonjwa ule ule unaoukimbia. Hapo hapo angalia bomba la kunyonya oili: huwa linapata ufa kwenye kiungo chake, pampu inanyonya hewa, na beringi zinakauka. Kama huna fedha ya kununulia kingine chochote kipya, nunua hilo bomba.

Ya pili ni kuijenga upya EJ20 yako, yaani injini yako ya lita 2, kwa krenki ya milimita 75 ile ile. Chagua njia hii kama bloku ni nzima na unayemkabidhi ni fundi anayepima kwa maikromita, si kwa macho. Weka pistoni za alumini ya kufuliwa, konrodi imara, beringi mpya na pampu mpya ya oili. Krenki iliyoliwa ibadilishwe, usiichonge kisha uiwekee beringi nene. Hii njia inapendeza kwa sababu kila kitu kingine kwenye gari kinabaki kilivyo: waya, kontrol boksi, mauntingi, na namba ya injini kwenye kadi.

Kuna jambo ambalo limeua injini nyingi zilizojengwa kwa gharama kubwa. Beringi ikisagika, chuma chake husambaa kwenye kila njia ya oili. Hukaa kwenye kipoza oili, kwenye mabomba membamba ya turbo, na kwenye vichujio vidogo ndani ya boliti za mabomba hayo. Injini mpya inawashwa, oili inazoa uchafu ule na kuupeleka moja kwa moja kwenye beringi mpya. Kipoza oili hakisafishiki kikaisha uchafu. Tupa, weka kingine.

Stroka ya 2.1 naiweka ya tatu, na nieleze kwa nini, kwa sababu ndiyo inayopigiwa debe kuliko zote. Unachukua krenki ya EJ25, injini ya lita 2.5, ambayo mwendo wake ni milimita 79, unaiweka kwenye bloku yenye silinda za 92. Ujazo unapanda hadi takriban cc 2,100. Ongezeko ni cc 106, kama asilimia 5. Faida ipo: turbo inaamka mapema kidogo, na gari linavuta vizuri chini ya mizunguko 4,000, jambo ambalo mtu wa Nairobi, kwenye hewa nyepesi ya zaidi ya mita 1,600, atalifurahia kuliko wa Dar es Salaam.

Lakini hesabu haiishii hapo. Krenki ikiongeza milimita 4 za mwendo, pistoni hupanda milimita 2 juu zaidi. Pistoni za kawaida zitatoka nje ya bloku na kugonga hedi, kwa hiyo lazima uagize pistoni ambazo tundu la pini limesogezwa juu. Kwa mizunguko 8,000, wastani wa kasi ya pistoni unatoka mita 20 kwa sekunde hadi mita 21. Busara ni kushusha kikomo cha mizunguko, na hapo umeuza sehemu ya utamu wa EJ207 ili ununue cc 106. Fedha zile zile zingelipia kutyuniwa vizuri na intakula (kipoza hewa ya turbo) kubwa zaidi.

Historia nayo inaunga mkono 2.0. Impreza iliyoshinda Safari Rally mwaka 1997 ikiwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 na Richard Burns, ilikuwa na EJ20. Ni kweli kwamba kanuni za mashindano ziliweka kikomo cha lita 2 kwa injini za turbo, lakini kama mwendo wa milimita 75 ulitosha kwa vumbi na mawe ya Kenya, unatosha kwa barabara ya Bagamoyo. Nani basi ajenge stroka? Yule ambaye krenki yake imeshakufa, bloku ni nzima, ana turbo kubwa inayochelewa kuamka, na ana karakana anayoiamini. Kwake tofauti ya bei ni ndogo na faida ataiona.

Ya nne ni EJ25 ya turbo, cc 2,457. Ina nguvu nyingi chini, hilo halikataliki. Tatizo ni kwamba silinda za milimita 99.5 zimebanwa kwenye nafasi zile zile za bloku ya 92, hivyo kuta kati yake ni nyembamba. Pistoni zake za kiwandani ni za kumiminwa, na zina tabia ya kupasuka kati ya ringi mafuta yakilipuka kabla ya wakati. Kwa petroli yetu, sipendi hatari hiyo. Ukiinunua, panga bajeti ya pistoni za kufuliwa kabla ya kuifunga.

EZ30 ya silinda sita kutoka Legacy 3.0 ni ya tano. Lita 3, cheni badala ya mkanda wa taimingi, sauti nzuri, haina turbo. Inaingia, ila kazi ya waya na nafasi ya rejeta inachosha. Ama 2JZ ya Toyota au V8 ya Kimarekani, ziache kwenye magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kuzifunga kwenye Impreza ni kutupa mfumo wa magurudumu manne uliokufanya ulinunue.

Uchague yoyote kati ya hizi, usimalize fedha zote kwenye injini. EJ207 ilipangwa kwa mafuta ya Japani yanayokaribia oktani 100, na super ya vituo vyetu haifiki huko. Ramani ya kontrol boksi ibadilishwe kabla hujakanyaga, si baada ya mwezi. Mkanda wa taimingi, tensheni na pampu ya maji viwekwe vipya injini ikiwa bado sakafuni, kwa sababu mkanda ukikatika valvu zinapinda. Giaboksi ya gia 5 ya WRX haipendi nguvu nyingi. Ukiibadilisha kwa ya gia 6 ya STI, hakikisha difu ya nyuma ina uwiano mmoja na ya mbele. Ukichanganya 4.44 na 3.9, difu ya katikati itaungua ndani ya safari chache.

Ukibadilisha injini, namba yake ni tofauti na iliyo kwenye kadi. Tanzania nenda TRA (mamlaka ya mapato), Kenya nenda NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), ukiwa na risiti ya injini na hati za uingizaji, rekodi zibadilishwe, kisha mjulishe wa bima kwa maandishi. Muuzaji asiyeweza kukupa risiti yenye namba ya injini usinunue kwake, hata kama injini inanguruma vizuri namna gani.