Ini la mtoaji lenye mafuta: kunyamazisha jeni au kuliondolea mafuta kwa dawa?

Ini la kupandikizwa ambalo zaidi ya 30% ya seli zake zina matone makubwa ya mafuta huumia kirahisi likihifadhiwa kwenye barafu, na likipita 60% wapasuaji wengi hulikataa. Njia mbili, kunyamazisha jeni kwa siRNA na kuondoa mafuta kwa dawa, hulihudumia likiwa kwenye mashine inayolizungushia damu kwa nyuzijoto 37.

Kwa kasi, dawa ziko mbele. Mchanganyiko wenye foskolini, L-kanitini na viamshi vya vipokezi vya PPAR (swichi za seli zinazoongoza matumizi ya mafuta) husukuma seli zichome mafuta au ziyatoe nje, na mabadiliko huonekana ndani ya saa chache. siRNA, kipande kifupi cha RNA chenye nyukleotidi kama 21, huharibu mRNA (nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini) tu; protini iliyokwisha kutengenezwa hubaki mpaka iishe yenyewe. Ukilenga protini inayodumu siku mbili, saa sita za mashine hazitoshi. Na ini likiwa barafuni, kwenye nyuzijoto 4, seli humeza vitu polepole zaidi.

Kwa ulengaji, siRNA inashinda. Unachagua jeni moja, mfano Fas inayoamuru seli ife, na athari huweza kuendelea baada ya upandikizaji. Dawa hugusa mengi kwa mpigo, na mafuta yanayotoka hurundikana kwenye damu ya mashine, kwa hiyo huenda yakahitaji kuchujwa.

Dawa zimeshajaribiwa kwenye maini ya binadamu yaliyokataliwa. SiRNA kwenye mashine imejaribiwa zaidi kwa maini ya panya.

Una saa chache na tatizo ni mafuta yenyewe? Dawa. Mashine yako inahimili siku kadhaa, na hofu ni seli kufa damu inaporudi? Hapo siRNA ina hoja.