Clonezilla na Rescuezilla kwenye kompyuta yangu ya diski tatu

Nina duka la stesheni na picha za pasipoti hapa Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Kompyuta ya dukani ni moja, ila tumboni ina diski tatu: SSD (diski ya kasi isiyo na sahani inayozunguka) ya GB 240 yenye Windows, diski ngumu ya TB 1 ya picha na video za harusi, na kizee cha GB 500 kilichobaki kutoka kompyuta ya zamani. Kwa miaka miwili nilijiona mtu makini, maana kila baada ya miezi michache nilichukua imeji ya SSD, yaani nakala yake nzima, kwa programu ya Clonezilla na kuiweka kwenye eksteno, diski ya nje. Siku nilipoihitaji, haikuniwashia kompyuta. Na kosa halikuwa la programu.

Kile kizee kilianza kugonga, ka, ka, ka, kama mtu anayemenya karanga. Picha zake nilishazihamisha, nikakichomoa bila wasiwasi. Windows si iko kwenye SSD? Nikawasha, kioo cheusi, maandishi meupe yananidai diski ya kuwashia. Nikaamini SSD nayo imekufa. Nikarudisha imeji yangu juu yake, karibu nusu saa, ikamaliza bila kulalamika. Nikawasha tena: maandishi yaleyale. Nje wateja watatu, na ilikuwa msimu wa fomu za vyuo, nawasikia wanaambiana waende kwa yule wa barabara ya kumi na tano.

Mpwa wangu anayesoma chuo alikuwa likizo. Akaangalia orodha ya patisheni, yaani vyumba ambavyo diski imegawanywa, akajizuia kucheka.

"Mjomba, imeji yako ina nyumba nzima, ila mlango uliuacha kwa jirani."

Maana yake ni hii. Kompyuta ya UEFI, mfumo wa kuwashia wa kompyuta za kisasa, haiingii kwenye Windows moja kwa moja. Kwanza inatafuta patisheni ndogo ya EFI, mara nyingi MB 100 tu, iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa mafaili. Humo ndimo yalimo mafaili ya kuwashia. Fundi aliyenipigia Windows kwenye SSD aliacha diski zote zimechomekwa. Windows ikikuta patisheni ya EFI tayari ipo kwenye diski nyingine, yaweza kuweka mafaili yake humohumo, isiunde mpya. Basi C ikakaa kwenye SSD, mafaili ya kuwashia yakakaa kwenye kizee, na mimi miaka miwili nachukua imeji ya SSD peke yake. Fundi simlaumu sana, kompyuta iliwaka na hela yake nikampa. Lakini ukipiga Windows leo, chomoa diski nyingine zote kwanza. Ni waya mbili tu kila diski.

Tiba ilikuwa fupi kuliko presha yangu. Tuliwasha kwa flashi ya kupigia Windows, tukabonyeza Shift na F10 kupata dirisha jeusi la amri. Kwa diskpart, chombo cha Windows cha kugawa diski, tukapunguza C kwa MB 300, tukaunda hapo patisheni ya EFI, tukaifomati FAT32 na kuipa herufi S. Kisha amri moja: bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Angalizo kwa atakayejaribu: ukiwasha kwa flashi herufi zinaweza kuhama, C yako ikaitwa D, kwa hiyo hakikisha kwanza folda ya Windows iko wapi. Ikawaka. Mteja mmoja alikuwa bado yupo, Mungu ambariki.

Sasa programu zenyewe. Clonezilla ni ya bure, imetengenezwa Taiwan, unaiweka kwenye flashi na kuwasha kompyuta kwayo. Sura yake ni maandishi matupu, rangi za enzi za DOS, na maswali mengi. Ila kazi inaifanya. Inanakili sehemu za diski zenye data tu, kwa hiyo SSD yangu yenye GB 80 hivi zilizotumika ilitoa imeji ndogo zaidi ya hapo baada ya kubanwa. Kabla ya kuanza inakuuliza kama ikimaliza ikague imeji kuona inaweza kurudishwa. Usiruke swali hilo, hata kama una njaa.

Rescuezilla ni ndugu yake mwenye sura nzuri: madirisha, kipanya, vitufe vikubwa. Imeji za Clonezilla inazisoma, kwa hiyo zile za zamani sikuzitupa. Siku hizi ndiyo ninayotumia, na hata msichana wangu wa dukani anaiweza baada ya kuonyeshwa mara moja. Clonezilla naiacha kwenye flashi ya pili, kwa siku ile nyingine itakapogoma.

Mapungufu yapo. Zote mbili huwezi kuzitumia Windows ikiwa inaendelea kufanya kazi; lazima ufunge duka, uwashe kwa flashi. Hazichukui mabadiliko peke yake, kila mara ni imeji nzima upya. Na kawaida diski ya kurudishia iwe sawa na ya mwanzo au kubwa zaidi. Ukinunua SSD mpya, GB 240 ya kampuni moja yaweza kupungua kidogo kuliko GB 240 ya kampuni nyingine, na hapo utakwama kwa kitu kidogo kabisa. Kuna watu walizoea Macrium Reflect ya bure, inayochukua imeji Windows ikiwa imewaka, lakini toleo lile la bure halitolewi tena tangu mwanzoni mwa 2024.

Kilichonitia jasho zaidi ni majina ya diski. Humo ndani hukuti C wala D, unakuta sda, sdb, sdc, na mpangilio unaweza kubadilika ukichomeka kitu kipya. Jana sda ilikuwa SSD, leo ni eksteno yenye imeji zenyewe. Ukirudisha juu ya diski siyo, harusi za watu zimekwenda. Clonezilla inauliza mara mbili kabla ya kufuta, lakini mtu aliyechoka hujibu ndiyo mara mbili vilevile. Mimi nasoma ukubwa na modeli, na kila diski nimeibandika karatasi yenye tarakimu za mwisho za namba yake ya utambulisho (serial), ile iliyochapwa kwenye lebo. Kwa kurudisha, ile ya TB 1 naichomoa kabisa.

Jingine dogo: zima ile hali ya Windows ya kuwaka haraka kabla ya kuchukua imeji. Ikiwa imewashwa, ukizima kompyuta Windows hailali usingizi wote, patisheni ya NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, inabaki kama bado inatumika na programu inaweza kukataa kuisoma. Amri ya powercfg /h off inamaliza. Wenye BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data ya diski, nao waangalie, maana diski iliyofungwa hunakiliwa yote kama ilivyo na imeji inakuwa kubwa kama diski.

Baada ya hayo nilinunua SSD nyingine ya GB 256, nikachomoa kila kitu, nikairudishia imeji mpya yenye patisheni zote: EFI, ile ndogo ya MB 16 ambayo Windows huiweka akiba, C, na ya uokoaji. Nikaichomeka peke yake. Mpwa alikuwa amesimama mlangoni na begi lake, basi la Dar linamsubiri Kange, akasema hatoki mpaka aone. Ikawaka mara ya kwanza, na printa ikatambulika bila kuulizwa.

Clonezilla naipa nyota nne, Rescuezilla nne na nusu. Eksteno hailali tena dukani. Iko nyumbani Mikanjuni, ndani ya mkebe wa biskuti wenye kitambaa cha mchele, kwa ajili ya unyevu wa bahari, na mke wangu ameshanionya mara mbili kwamba mkebe ule ni wake.