Seti ya kupandia melisa: mbegu nzuri, maelezo mabovu

Melisa, ambayo wataalamu wa mimea huiita Melissa officinalis, ni ya ukoo mmoja na mnanaa, na asiyeizoea huweza kudhani ni mnanaa mpaka afikiche jani na kusikia harufu ya limau. Seti niliyoinunua ilikuwa na pakiti ya mbegu, chungu cha plastiki, mfuko mdogo wa mboji na karatasi ya maelezo. Nimeitumia kwa msimu mzima, na ninaona inafaa kununuliwa, ila karatasi yake itupwe.

Karatasi hiyo inaagiza mbegu zifukiwe kwa kina cha sentimita 1. Nilitii, nikamwagilia kwa wiki tatu, na hapakuota hata mche mmoja. Mbegu za melisa ni ndogo mno na huota vyema zikipata mwanga, kwa hiyo kuzifukia hivyo ni kuzizika. Nusu ya pakiti iliyobaki niliitawanya juu ya mboji iliyolowa, nikaigandamiza kidogo kwa kiganja na kufunika chungu kwa nailoni angavu. Siku ya 12 vikachomoza vijani viwili viwili vya mviringo, vidogo kama vichwa vya pini. Mbegu zenyewe, basi, hazikuwa na kosa lolote.

Chungu kina tundu moja tu chini, nami nililazimika kuongeza manne kwa msumari uliopashwa moto, kwa kuwa melisa hupenda unyevu lakini mizizi yake huoza maji yakituama. Mboji ilitosha.

Mmea ukishakolea hauna makuu: huridhika na kivuli cha nusu siku, na ukikatwa huchipua upya. Tofauti na mnanaa, ambao hutambaa kwa mashina ya chini ya ardhi, melisa husambaa zaidi kwa mbegu zinazodondoka, hivyo ni busara kuikata kabla haijachanua, wakati ambao majani nayo huwa na harufu kali zaidi. Mimi niliacha tawi moja lichanue kwa ajili ya nyuki, kwani hata jina Melissa ni neno la Kigiriki lenye maana ya nyuki.

Kosa la pili la karatasi ni kushauri majani yachemshwe jikoni kwa dakika 10. Mafuta yanayobeba harufu hupotea na mvuke, na kinachobaki kina ladha ya nyasi. Ninachofanya ni kuweka majani mabichi kiasi cha konzi moja kikombeni, kumimina maji yaliyochemka, na kufunika kwa kisahani kwa muda huohuo. Ukiinua kisahani, harufu ya limau hukupokea kabla hujaonja. Majani makavu hayafikii hapo, hata yakianikwa kivulini.

Aidha, karatasi haisemi lolote kuhusu watu wanaotumia dawa za usingizi au za tezi ya thairoidi, ambao wanapaswa kumwuliza daktari kabla ya kunywa melisa mara kwa mara. Kama muuzaji angekubali kuuza pakiti ya mbegu peke yake, ningeichukua hiyo na kumwachia chungu chake.