Inchi sita zilinitosha kwa riwaya, hukumu zikanishinda

Nilipotaka kununua kisomeo, yaani kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, nilianza kwa kuuliza bei, na hapo ndipo nilipopotea. Nilipaswa kwanza kujiuliza nasoma nini kwa siku, na kalamu yangu huwa inafanya nini wakati nasoma.

Mimi ni wakili. Nakaa Kimara, Dar es Salaam, ofisi iko Posta, kwa hiyo kila siku ya kazi nina saa mbili hivi ndani ya basi la mwendokasi, nusu yake nikiwa nimesimama mkono mmoja juu. Safari hiyo ni ya riwaya. Nikishafika mezani nasoma hukumu, na hukumu huwa siisomi bila kuichafua: napiga mistari, nachora mishale, naandika "hapana!" pembeni.

Kisomeo cha kwanza nilikipata Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Kindle ya kawaida ya kampuni ya Amazon, inchi sita, mtumba, laki mbili na themanini. "Dada angu, hii imetoka Dubai juzi, haijaguswa," kijana wa dukani akaniapia. Nyumbani nikaiwasha, ikanikaribisha kwa jina la mwanamume nisiyemjua, na maktaba yake yote ya vitabu vya kupunguza uzito imo ndani. Kesho yake nikarudi, tukavutana kidogo, akaifuta yote mbele yangu nikaingiza akaunti yangu palepale. Ukinunua kilichotumika, usitoe hela kabla hujaona kimeingia kwenye akaunti yako, maana mwenye mali wa zamani akiwa amekiripoti kuibiwa utabaki na kipande cha plastiki.

Kwa riwaya, sina la kulalamika. Toleo hilo la 2022 lina uzito wa gramu 158, nalishika kwa mkono mmoja huku mwingine umeng'ang'ania bomba. Kioo chake ni cha wino wa kielektroniki, hakitoi mwanga kama cha simu. Ndani mna vidonge vidogo sana vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme huzisukuma, nyeusi zikija juu unaona herufi, na zikishatulia hazihitaji umeme tena mpaka ugeuze ukurasa. Ndiyo maana chaji inahesabiwa kwa wiki, na ndiyo maana saa saba mchana kituoni Kivukoni, jua la bahari likiwa usoni, mwenzangu anaikunjia simu yake uso na mimi naendelea na sura yangu. Usiku umeme ukikatika kuna taa ndogo pembezoni mwa kioo zinazomulika ukurasa wenyewe.

Vitabu vya Kiswahili vya kununua humo ni vichache, hilo ulijue mapema, na kamusi zinazokuja nacho hakuna ya Kiswahili. Ukigusa neno "kipindupindu" kinakutazama tu.

Shida ilianza nilipokipeleka ofisini. Hukumu nyingi nazipakua TanzLII, tovuti ya bure ya sheria na hukumu za Tanzania, zinakuja kama PDF ya A4. PDF si kama kitabu cha EPUB ambacho herufi unazikuza na mistari inajipanga upya. Ukurasa umeganda kama ulivyochapwa. Nilipima kwa rula. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, kioo cha inchi sita kina kama 91. Herufi ya saizi 12 inashuka mpaka kama 5, yaani maandishi ya kwenye boksi la dawa. Ukikuza, unasoma nusu mstari, unaburuta kulia, unarudi kushoto. Baada ya kurasa nne nilikuwa nimesahau nani amemshitaki nani.

Kaka mmoja wa chumba cha pili, anayejua kompyuta kuliko sheria (anajua kwamba nasema hivyo), akanionyesha Calibre, programu ya bure ya kugeuza PDF kuwa EPUB. Kwa hukumu iliyochapwa ikapigwa PDF moja kwa moja, inasaidia kiasi, ila namba za kurasa zinaingia katikati ya sentensi, na tanbihi inajikuta ndani ya hoja ya jaji. Kwa hukumu za zamani zilizopigwa skani haisaidii kabisa. Zile ni picha, hakuna herufi ya kugeuza.

Nikakubali yaishe, nikaanza kutafuta kikubwa chenye kalamu. Hapa sokoni pana majina kadhaa na kila moja lina tabia yake. Kindle Scribe iliyotoka 2022 ni ya inchi 10.2, nzuri kwa mtu ambaye vitabu vyake tayari viko Amazon. reMarkable 2, ya Wanorway, ni daftari hasa, haina taa, kwa hiyo kitandani usiku unahitaji taa yako mwenyewe. Boox zinatumia Android, unaweza kuweka programu unazozijua, na pamoja nazo unaweka vishawishi vyote ulivyokuwa unavikimbia kwenye simu. Kobo Libra Colour ina rangi na inakubali kalamu, lakini ni inchi 7 na rangi zake ni hafifu kama gazeti lililoachwa dirishani. Kwa mwanafunzi anayesoma EPUB na kupigia mistari ya rangi, ningemwambia achukue hiyo. Kwa hukumu za A4, hapana.

Nilichochukua ni cha inchi kumi na ushee. Jina nalihifadhi kwa sababu nina malalamiko nacho. Dada yangu mdogo alikileta kutoka nje ndani ya begi lake, na kwa bei niliyolipa angeweza kuja na friji.

Kwanza sifa. Upana wa kioo ni kama milimita 157. Maandishi ya A4 yenyewe, ukiondoa pambizo za inchi moja kila upande, yana upana wa kama 160. Maana yake nikikata pambizo, hukumu inakaa karibu kwa ukubwa wake halisi. Siku ya kwanza nilisoma hukumu ya kurasa 38 ya Mahakama ya Rufani bila kuburuta chochote. Nikafurahi, nikanyanyua kalamu niandike pembeni, nikakuta pembeni hapapo. Nimeikata! Sasa nasoma mara mbili: ya kwanza bila pambizo kuelewa, ya pili ukurasa mzima, herufi ndogo kidogo, kuandika. Bahati nzuri hukumu zetu nyingi huchapwa mistari ikiwa imeachana sana, na kati ya mistari panaingia maneno mawili matatu.

Malalamiko yanahusu safari ya maandishi baada ya hapo. Kile kidogo cha laki mbili na themanini, kila nilichokipigia mstari kinajihifadhi kwenye faili moja la maandishi ya kawaida liitwalo My Clippings. Nachomeka waya kwenye kompyuta, nanakili, nabandika kwenye hoja zangu. Dakika tano. Kikubwa kinanitolea picha ya mwandiko wangu. Kuna sehemu ya kugeuza mwandiko kuwa herufi, ila Kiswahili hakikijui. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na mimi naandika kwa Kiswahili zaidi na zaidi, basi "mjibu rufani" ikanitokea kama "my bureau fan". Nimejaribu kuandika taratibu kama mtoto wa chekechea, ikawa "nijiko". Kwa hiyo noti za kikubwa nazichapa upya kwa mkono, jioni, nikinung'unika.

Ningerudi nyuma ningeenda dukani na hukumu yangu moja ya skani kwenye flashi, niifungue pale, niandike mstari mmoja wa Kiswahili, halafu niombe kuona mstari huo umefikaje kwenye kompyuta. Muuzaji angenuna, lakini ningejua.

Kidogo kimebaki kwenye mkoba na riwaya zangu. Kikubwa kinakaa ofisini, hakivuki tena mlango wa mahakama, na sababu niliipata siku nilipokwenda nacho Mahakama ya Kisutu. Hakimu aliniuliza, "Wakili, hayo yako ukurasa wa ngapi?" Nilikuwa ukurasa wa 3, jibu liko 31, na kioo cha wino hakiperuzi haraka, kinapepesa, kinafikiri, kinapepesa tena. Chumba kizima kilinisubiri. Siku hizi kesi ninayoitegemea naipeleka kwa kijana wa stationery ghorofa ya chini anichapie, naikunja pembe ukurasa ninaoutaka, na kuupaka hailaita ya njano.