Fizikia ya MIT ya bure: kozi zipi zinastahili bando lako

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu anaiuliza. Kozi za fizikia za MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani, zilizoko OpenCourseWare, tovuti yake ya masomo ya wazi, ni bure kabisa. Hakuna kujisajili, hakuna nywila, hakuna wiki mbili za majaribio halafu unaombwa kadi ya benki. Chuo kilitangaza mpango huo mwaka 2001, na tangu hapo kimekuwa kikimwaga mtandaoni noti, maswali, mitihani na video za madarasa yake. Cheti hakitolewi. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wakisikia hilo, wengi hupoteza hamu papo hapo. Waliobaki ndio ninaowaandikia.

Nafundisha fizikia sekondari, huku Kanda ya Ziwa. Shahada yangu ni ya sayansi na ualimu, maana yake sehemu kubwa ya muda chuoni ilikwenda kwenye saikolojia ya elimu na mbinu za kufundishia, na kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo sana kama elektroni, tukapewa muhula mmoja wa kukimbizana. Tulivuka kwa madesa. Niliufaulu mlinganyo wa Schrödinger, ulio nguzo ya kwanta, bila kujua unasema nini. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyerudi kusoma upya kuanzia chini, usiku, daftari za watoto zikishasahihishwa.

MIT huita idara zake kwa namba, na fizikia ni 8. Ngazi yenyewe iko hivi: 8.01 mekanika, 8.02 umeme na sumaku, 8.03 mitetemo na mawimbi, kisha 8.04, 8.05 na 8.06 ambazo zote ni kwanta. Mbili za kwanza ni lazima kwa kila anayesoma shahada ya kwanza pale, hata yule wa uchumi. Kumbuka hilo ukizipima: hazikutungwa kwa ajili ya wanafizikia peke yao.

Kwa 8.01, chukua toleo la 8.01SC la mwaka 2016, la Peter Dourmashkin na wenzake. Limepangwa kwa wiki, video zake ni za dakika chache chache, na kuna sura za kitabu kwa PDF. Ila kama umetoka PCM (fizikia, kemia na hisabati) na alama nzuri, video nyingi hapa ni marudio: mwendo, sheria za Newton, msuguano, nishati. Zipite, nenda kwenye maswali. Maswali tuliyozoea hukupa roketi yenye tungamo fulani, unatafuta mchapuko, kazi imeisha. Hapa roketi inapungua tungamo kila sekunde kwa kutema gesi. Unatakiwa uandike momenta (tungamo mara kasi) ya mfumo mzima sasa hivi, uiandike tena baada ya kitambo kidogo, utoe moja kwa nyingine, na mlinganyo uutengeneze mwenyewe. Namba hakuna, ni herufi tupu mpaka mwisho. Wanafunzi wangu hilo huwakera kuliko kitu chochote, wamezoea kuingiza 9.8 kwenye mstari wa pili.

8.02 ndiyo ngazi iliyovunjika. Mihadhara ya Walter Lewin, profesa wa fizikia wa MIT, iliyokuwa ikisifiwa dunia nzima iliondolewa na MIT Desemba 2014, baada ya uchunguzi wa chuo kubaini kwamba alimnyanyasa kijinsia mwanafunzi wa mtandaoni. Uamuzi huo siupingi. Lakini pengo lipo. MIT yenyewe siku hizi inaifundisha 8.02 kwa mtindo uitwao TEAL, wanafunzi tisa tisa kwenye meza za duara, wakifanya majaribio na kujadiliana, na darasa la namna hiyo halirekodiki vizuri kama la mtu mmoja na ubao. Unachopata ni noti ndefu nzuri za Liao, Dourmashkin na Belcher, pamoja na picha zinazotembea za mistari ya uga wa umeme na wa sumaku. Picha hizo nimezitumia darasani na zimenisaidia sana. Kujifunza sheria ya Gauss, inayounganisha chaji na uga wa umeme, kwa noti peke yake, hata hivyo, kunahitaji mtu mwenye subira au mwalimu jirani.

Sasa 8.03. Hii ndiyo ningeilipia kama ingekuwa inauzwa. Toleo la 8.03SC la 2016 linafundishwa na Yen-Jie Lee, mtu anayefurahia kila kinachotikisika mbele yake, na furaha hiyo si ya kuigiza. Kidato cha sita tunafundisha pendulamu moja, tunapata muda wa mzunguko, tunahamia mada nyingine. Yeye anaziunganisha mbili kwa springi. Ukiivuta moja, inabembea, inachoka, na ile ya pili ambayo hukuigusa inaanza kubembea, halafu inairudishia mwenzake. Inaonekana kama mazingaombwe, lakini hesabu inaonyesha kwamba mfumo huo una namna mbili tu za msingi: zote mbili kwenda upande mmoja, ambapo springi haivutwi na kasi ya kubembea ni ile ile ya pendulamu moja, au kwenda pande zinazopingana, ambapo springi inasaidia kurudisha na kasi inaongezeka. Mwendo mwingine wowote ni jumla ya hizo mbili. Kupokezana kule kunatokana na tofauti ndogo ya kasi zao. Kutoka mbili unakwenda tatu, kutoka tatu nyingi, na zikiwa nyingi bila kikomo umefika kwenye wimbi bila mtu kukutangazia.

Jaribio hilo unaweza kulifanya shuleni bila springi. Funga uzi ulalo kati ya miguu ya meza mbili, uache ulegee kidogo, ning'iniza nati mbili kwa nyuzi zenye urefu sawa. Uzi wa juu ndio utakaoziunganisha. Darasa langu liligoma kutoka kengele ilipolia, na hiyo ilikuwa saa ya chakula.

Kozi hiyo ina pia video za Wit Busza akitatua maswali taratibu, hatua kwa hatua. Usizipuuze kwa sababu hazina mbwembwe.

Kwenye 8.04 kuna walimu wawili na watu hubishana nani bora. Allan Adams, 2013, anakwenda mbio na anachekesha. Mhadhara wake wa kwanza hauna hesabu karibu kabisa: anazipa elektroni sifa mbili za kubuni, rangi na ugumu. Chukua elektroni nyeupe tupu, zipitishe kwenye sanduku linalopima ugumu, zigawanyike njia mbili, kisha ziunganishe tena na upime rangi. Zote zinatoka nyeupe. Sasa ziba njia moja. Zinazofika ni nusu, hilo unalitegemea, lakini katika hizo zilizofika nusu sasa ni nyeusi! Kuziba njia ambayo hazikupita kumebadilisha rangi ya zilizopita kwingine. Anakuzungusha kwenye kila jibu la akili ya kawaida na kulifunga moja baada ya jingine, mpaka ubaki huna pa kushika.

Barton Zwiebach, 2016, hana sarakasi hizo. Ni chaki, ubao na sauti ya utulivu. Haruki mstari. Mimi nasema mtazame Adams kwa mihadhara michache ya mwanzo, halafu hamia kwa Zwiebach na ubaki naye, maana 8.05 ya mwaka 2013 ni yake, na 8.06 ya 2018 pia. Katika 8.05 ndipo hali za kwanta zinapokuwa vekta na vipimo vinakuwa matriksi (majedwali ya namba), na yale masanduku ya Adams yanageuka kuwa spini ya elektroni, yenye hesabu inayoshikika. Ni ngumu. Ila ni ugumu wa haki: ukikwama, sababu iko kwenye ukurasa uliopita.

Hisabati ndiyo itakayokuangusha kabla ya fizikia. Ukitoka PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na BAM yako, ile hisabati ya ziada, usiguse 8.03 kabla ya kupita 18.03 ya Arthur Mattuck, ambayo ni milinganyo ya difrensho, na usiguse 8.05 kabla ya 18.06 ya Gilbert Strang, ambayo ni aljebra ya matriksi. Nazo ziko bure hapo hapo.

Kuna kitu huwezi kupata kabisa, nacho ni maabara. Kozi ya 8.13, ya majaribio ya mwaka wa tatu, ina miongozo yake mtandaoni, lakini vifaa viko Massachusetts. Mtu asikudanganye kwamba umemaliza shahada ya fizikia ukiwa kitandani.

Kuhusu bando: kila kozi ina kitufe cha kuishusha yote kama faili moja la zip, bila video. Lichukue hilo kwanza, ni jepesi. Humo mna maswali, na kwenye kozi nyingi mna majibu yenye hatua zote pamoja na mitihani ya kweli iliyofanywa na wanafunzi wao. Kwangu hayo yana thamani kuliko video. Video za dakika 80 ngojea bando la usiku, uzishushe badala ya kuzitazama mubashara, na ukizishusha mgawie na mwenzako kwa flashi. Leseni yao inaruhusu, mradi usiziuze.