Mipira ya breki ya gari la spoti: mipya ya kiwandani au ya waya wa chuma?

Mipira ya breki, yaani ile inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu, huzeeka hata kwenye gari linaloshinda chini ya turubai na kutoka Jumapili tu. Kwa hiyo usianze na kilomita. Anza na tarehe ya kutengenezwa, ambayo mara nyingi huchapishwa kwenye mpira wenyewe. Ukiwa umepita miaka 10, badilisha bila kungoja ufa. Kwa kazi inayofanya, ni kifaa cha bei ndogo.

Ikiwa haijafika hapo, kunja kila mmoja kwa vidole karibu na ncha zake za chuma, maana nyufa hupenda kuanzia hapo. Kisha mwenzako akanyage pedali kwa nguvu injini ikiwa inanguruma, wewe ukiangalia. Ukiona mpira unatoa uvimbe, gari lisitoke.

Ubaya usioonekana ndio unaowapoteza wengi. Utando wa ndani huvimba au hubanduka ukawa kama kifuniko: mguu una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda kwenye kalipa (kifaa kinachobana diski ya gurudumu), lakini kurudi hayarudi. Gurudumu linabaki limebanwa, diski inachemka, gari linavuta upande mmoja. Watu hununua kalipa mpya bure. Gurudumu likiwa limekwama, legeza kwanza nati inayounga bomba la chuma na mpira. Likiachia, tatizo liko juu, pengine kwenye masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali). Likibaki limekaza, funga nati, kisha fungua nipo (skrubu ya kutolea hewa) ya kalipa: likiachia sasa, mpira umeziba. Lisipoachia hata hapo, ndipo uilaumu kalipa.

Sasa ununue ipi? Ile ya waya wa chuma ina bomba la ndani la PTFE (plastiki aina ya Teflon), na waya uliosukwa juu yake huizuia kutanuka, kwa hiyo pedali huwa ngumu kidogo na hutii mapema. Tofauti hiyo ipo, ila hukuzwa mno, kwa sababu wengi huilinganisha na mipira iliyochoka yenye mafuta ya miaka mitano. Pedali laini kama sifongo kwa kawaida ni hewa au mafuta ya zamani. Waya pia huficha hali ya ndani, na usipofunikwa kwa plastiki hukwaruza chochote unachogusa. Kwa gari la barabarani, chaguo letu ni mipya ya mpira ya kiwandani. Kwa gari linaloingia uwanja wa mbio, chukua ya waya iliyofunikwa, yenye ncha zilizobanwa kiwandani na alama ya kiwango, mfano FMVSS 106 ya Marekani. Isiyo na alama yoyote iache dukani.

Hesabu kabla ya kuagiza: magari mengi yana minne, mengine huongeza ya ekseli ya nyuma, na mpira wa klachi huuzwa peke yake. Tumia spana ya nati za bomba, mara nyingi namba 10 au 11, kwani spana ya kawaida huviringa pembe za nati iliyoshika kutu. Washa (pete) za shaba za kwenye viungo ziwe mpya. Kalipa isining'inie kwenye mpira. Lita moja ya mafuta ya breki ya DOT 4 kwa kawaida hutosha. Usiichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Mafuta yakidondokea rangi ya bodi, mwagia maji mara moja. Chupa ya masta silinda isikauke wakati wa kutoa hewa, la sivyo hewa ikiingia kwenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama unapofunga breki) huenda ukahitaji kompyuta ya gereji kuiondoa.

Kabla ya kurudisha magurudumu, zungusha usukani hadi mwisho pande zote, shokomzoba zikiwa zimening'inia, kisha zikiwa zimebanwa. Mpira usivutike, usijipinde, usiguse rimu. Halafu pedali ikanyagwe kwa nguvu dakika moja huku ukipitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Ikilowa, kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ikilowa tena, badilisha washa.