Safari ya Rason iliyoishia Yanji: uzoefu wangu na kampuni ya utalii

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nasubiri senti ya mwisho irudi. Imerudi juzi, kwa hiyo sasa naweza kusema bila hasira.

Mimi ni Mtanzania, nasoma uzamili Changchun, mkoa wa Jilin, kaskazini mashariki mwa China. Mkoa huu umepakana na Korea Kaskazini, nchi iliyofunga mipaka yake Januari 2020 kwa ajili ya korona, ikafunga kweli kweli, hata raia wake waliokuwa nje walianza kuruhusiwa kurudi Agosti 2023. Watalii wa kwanza kupokelewa tena walikuwa Warusi, Februari 2024, wakapelekwa Masikryong kuteleza kwenye theluji. Sisi wengine tukaambiwa tungoje. Halafu Februari 2025 zikaja habari kwamba Rason imefunguliwa kwa watu wa nchi nyingine pia, na kundi la kwanza limeshavuka tarehe 20.

Rason si Pyongyang. Ni kona ya juu kabisa ya nchi, pale inapokutana na China na Urusi, miji miwili, Rajin na Sonbong, iliyounganishwa jina na kufanywa eneo maalumu la uchumi mwaka 1991. Huko unalipia vitu kwa yuani ya China na unaingia kwa barabara. Kwa mwanafunzi ambaye yuko umbali wa treni tu, ilikuwa nafasi ya kipekee.

Watu wananiuliza nilitaka nini huko. Jibu ni mama yangu. Alipokuwa shule ya msingi alicheza halaiki kwenye sherehe za kitaifa, na mpaka leo anasema waliowafundisha kugeuza yale mabango ya rangi kwa pamoja walikuwa Wakorea waliokuwa wakihesabu kwa Kiswahili kibovu. Nimekua nikisikia "moja, mbili, geuuza!" kila anapotukuta tumezubaa na vyombo. Nikasema nitakwenda kuwaona hao watu kwao.

Kampuni siitaji jina. Iko China, wafanyakazi wake ni wageni kama mimi, mawasiliano yote kwa Kiingereza. Kujiandikisha kulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani: picha, nakala ya pasipoti, na barua ya chuo, maana wenyeji wanataka kujua unafanya kazi gani na wapi. Waandishi wa habari hawapokelewi kama watalii, na Wamarekani serikali yao wenyewe imewakataza tangu 2017 kutumia pasipoti zao kwenda huko. Mtanzania hana tatizo, tena dada aliyenihudumia alifurahi, akasema hajawahi kupata mteja wa Tanzania.

Jambo moja walinieleza vizuri sana na nawapa sifa zake. Ukitoka China kwenda Rason umetoka China, hata kama ni siku nne. Mwenye viza ya kuingia mara moja akishavuka mto wa mpakani hana pa kurudi. Mimi nina kibali cha ukaazi kwa hiyo nilikuwa salama, lakini anayetoka Dar au Mombasa ingebidi awe na viza ya kuingia mara mbili kabla hajapanda ndege. Wangeweza kukaa kimya wakachukua hela. Hawakukaa kimya.

Bei ilikuwa yuani 5,300 kwa siku nne, nikatanguliza 1,500 na iliyobaki nikatuma wiki moja kabla. Kabla ya safari tulifanyiwa semina kwa video. Usiite nchi "Korea Kaskazini" ukiwa ndani. Ukipiga picha sanamu za viongozi, isikatwe kichwa wala miguu. Gazeti lenye picha ya kiongozi usilikunje katikati ya uso wake. Askari hawapigwi picha. Vitabu vya dini viacheni hotelini Yanji, mji wa China karibu na mpaka ambako tungeanzia safari. Na mwishoni, sentensi moja iliyosemwa haraka haraka: safari inaweza kufutwa wakati wowote. Nilitikisa kichwa kama unavyotikisa kichwa ukisomewa masharti ya laini ya simu.

Tulikuwa tuvuke Ijumaa tarehe 7 Machi. Jumatano tarehe 5 nikapanda treni ya mwendo kasi kwenda Yanji. Saa tisa mchana, nikiwa ndani ya treni, nikaona watu kwenye kundi letu la WeChat wananong'ona kwamba kuna kampuni nyingine imesema Rason imefungwa. Nikawaandikia wahusika moja kwa moja: bado tupo? Jibu likaja baada ya dakika mbili: kila kitu kiko kama kilivyopangwa.

Saa nne na dakika arobaini usiku ukaja ujumbe wenyewe. Wenyeji wao wa upande wa pili wamewaarifu kwamba Rason imefungwa kwa wageni wote kwa muda, sababu haikutolewa, tarehe ya kufunguliwa haijulikani, poleni sana. Hata wiki tatu tangu kundi la kwanza livuke zilikuwa hazijatimia.

Siwalaumu kwa mlango kufungwa. Mlango si wao. Ninachowalaumu ni lile jibu la saa tisa. Mtu akikuuliza na wewe huna uhakika, mwambie huna uhakika. Ningeshuka njiani, mji wa Jilin, nikageuza, nikaokoa hoteli ya usiku mbili ambayo wao ndio walituambia tulipie, na ambayo hairudishi hela.

Kesho yake tulikutana hotelini watu tisa. Mzee mmoja kutoka Uholanzi alikuwa amebakiza nchi nne dunia nzima. Alikuwa amenunua tai mpya kwa ajili ya kwenda kuinama mbele ya sanamu, bado ilikuwa kwenye plastiki. Jioni tulipokwenda kula akaifungua, akaivaa, akala nayo tambi za baridi. Yanji ni mji wa Wachina wenye asili ya Korea, mabango yote yana maandishi ya lugha mbili, na hizo tambi ndizo fahari yao: zinaletwa kwenye supu yenye vipande vya barafu, na nje barafu nyingine imejaa barabarani. Sijaelewa mpaka leo. Mzee alikula bakuli mbili, akasema bora chakula nimekipata.

Ijumaa, siku ambayo tungevuka daraja la Quanhe, mimi na wenzangu wawili tukapanda treni mpaka Tumen, ambako mto wa mpaka unapita kando ya mji. Ng'ambo ni Namyang. Kuna mama anakodisha darubini ya kutazamia, yuani kumi. Barafu ya mto ilikuwa imeanza kupasuka. Niliona stesheni yenye picha mbili kubwa za viongozi, nyumba za rangi ya malai, na mtu mmoja anasukuma baiskeli yenye gunia nyuma. Akasimama. Akainama, akahangaika na mnyororo kwa muda mrefu, akajifuta mikono kwenye gunia, akapanda akaondoka. Hiyo ndiyo Korea Kaskazini yangu yote. Nilimpigia mama kumweleza, akacheka: "Kwa hiyo umesafiri kwenda kumchungulia jirani dirishani?"

Sasa hela, maana ndicho mnachotaka kujua. Kwanza walinipa "salio la safari ijayo", kana kwamba wana tarehe. Nilikataa, nikawarudishia ukurasa wa mkataba wao unaosema nchi ikifungwa mteja anarudishiwa zote. Ilibidi niutume mara tatu. 4,700 zilirudi mwanzoni mwa Aprili. Zile 600 za viza, ambayo haikuwahi kutolewa, zimerudi mwisho wa Julai, baada ya barua pepe ambazo nimeacha kuzihesabu. Hoteli na nauli ni hasara yangu.

Nimefuatilia yaliyoendelea. Aprili 6 mbio za marathoni za Pyongyang zilifanyika, wageni wakaruhusiwa kuingia kukimbia, halafu kimya. Julai 1 wakafungua hoteli zao za ufukweni Wonsan-Kalma, zinazosemwa zinaweza kulaza watu karibu 20,000, na Lavrov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi, akaenda mwenyewe. Mwezi huohuo likatoka tangazo kwamba wageni wa nje hawapokelewi huko kwa muda. Warusi ndio walioonekana kupita. Kwa hiyo kampuni hizi zinapokwambia "imefunguliwa", uliza imefunguliwa kwa nani, na kikundi cha mwisho kimerudi lini.

Nawapa nyota tatu. Maelezo ya viza na semina ni ya watu wanaojua kazi yao, na hela hawakula. Nyota mbili nimezikata kwa lile jibu la saa tisa na kwa kuhangaishwa miezi minne kwa ajili ya 600. Ukiamua kujiandikisha, lipa kwa kadi au njia yenye ushahidi, hoteli tafuta yenye kufuta bila gharama, na ruhusa ya kazini usiombe mapema ukajitangaza kama nilivyofanya mimi. Msimamizi wangu wa utafiti bado ananiuliza Korea kulikuwaje.

Juzi, siku ileile hela ilipoingia, wameniandikia tena: je, bado ninapenda jina langu libaki kwenye orodha ya watakaoarifiwa kwanza? Nimejibu libaki. Hela nitatoa nikiwa Yanji, asubuhi ya safari, basi likiwa limewashwa.